Safari Iliyofufuka Mara Mbili

Novemba inapoingia Bamburi, Mombasa, mvua ya vuli huwa imeshaanza kujaza vidimbwi kando ya lami, na barabara ya Malindi, inayokata Kisauni kuelekea Shanzu na Mtwapa, hujaa matatu, tuktuk na bodaboda kuanzia alfajiri. Katika muongo wa 2010, miaka kadhaa mwezi huo, katikati ya msongamano ule yalipenya magari ya aina nyingine: Porsche 911 zenye taa kubwa mbele ya boneti, Ford Escort zilizoinuliwa springi, Datsun 240Z zenye pua ndefu. Yalikuwa na namba milangoni na matope ya Taita kwenye magurudumu. Vijana wengi waliosimamisha bodaboda zao kuyatazama walikuwa hawajazaliwa yalipotoka kiwandani. Yote yalikunja kuelekea baharini, kwenye hoteli ya Sarova Whitesands, ambako waandaaji wa East African Safari Classic walikuwa wameweka makao yao.

Kwa kawaida Safari Rally husimuliwa kuwa ilikufa mara moja na kufufuka mara moja. Ilitupwa nje ya ratiba ya dunia baada ya 2002, kisha ikarudi Naivasha mwaka 2021 kwa shangwe na helikopta. Anayeitazama historia hiyo kutoka Kisauni huona hesabu haikamiliki. Miaka mingi kabla ya Naivasha, Safari ilikuwa imeshafufuka kwa sura nyingine, na ufukwe wa Bamburi ulikuwa moja ya nyumba zake. Sasa kuna warithi wawili wa jina lile. Ili kujua kila mmoja amerithi nini, na ni kipi ambacho hakikurithiwa na yeyote, inabidi turudi mwanzo.

Mwaka wa kutawazwa

Mwanzo ulikuwa 1953. Elizabeth wa Pili alikuwa akivishwa taji London tarehe 2 Juni, na makoloni yote yalitakiwa kuwa na la kuonyesha. Kenya ilikuwa chini ya sheria ya hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952 kwa sababu ya vita vya Mau Mau, lakini walowezi na wafanyabiashara wa Nairobi hawakuona hilo kuwa kizuizi cha kufanya mashindano. Eric Cecil, aliyekuwa kwenye kamati ya mashindano ya chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki, alikuwa akitafuta jambo la kufanya. Binamu yake, Neil Vincent, alikuwa ameshamwambia kwamba kuzunguka kiwanja kimoja mara kwa mara, kama ilivyofanywa kule Langa Langa katika Bonde la Ufa, hakumvutii hata kidogo. Alichokitaka ni kutoka mlangoni kwake, aingie garini, akate bara, na atakayetangulia kurudi awe mshindi.

Hivyo ndivyo ilivyozaliwa Coronation Safari, kuanzia tarehe 27 Mei hadi 1 Juni 1953. Magari yalianzia sehemu tatu: Nairobi, Kampala, na Morogoro iliyokuwa Tanganyika. Makundi yalipangwa kwa bei, jambo ambalo leo lingewashangaza wengi. Hakuna aliyeuliza ukubwa wa injini. Waandaaji walitazama gari linauzwa pesa ngapi dukani Nairobi, wakaliweka na wenzake wa bei hiyo. Hapakuwa na mshindi wa jumla, ingawa wanaoandika historia humtaja Alan Dix, aliyekuwa na J. Larsen ndani ya Volkswagen, kuwa ndiye aliyepoteza pointi chache kuliko wote.

Kanuni hiyo ya bei ilikuwa na maana yake. Ilimwambia mtu mwenye gari la kawaida kwamba hatashindanishwa na tajiri, na ilimwambia muuzaji wa magari kwamba hapa ndipo wateja watakapoona gari lipi linastahimili barabara za kwetu. Isisahaulike, hata hivyo, kwamba wenye magari wakati ule walikuwa Wazungu na Wahindi. Mwafrika alikuwepo kwenye Safari ya mwanzo kama fundi, msukumaji wa gari lililokwama, na mtazamaji kando ya njia. Mlango ulifunguliwa kwa wenye gari, na ukoloni ndio uliokuwa umeshaamua ni nani mwenye gari.

Aliyepoteza kidogo

Ili kuelewa kilichokuja kupotea, ni muhimu kujua Safari ya zamani iliendeshwaje. Haikuwa na mikondo mifupi iliyofungwa kwa polisi na utepe, kama ilivyo leo. Njia nzima, ambayo kwa miaka mingi ilikaribia kilomita 5,000, ilikuwa barabara ya umma. Kati ya kituo kimoja cha ukaguzi na kingine dereva alipewa muda uliopigiwa hesabu ya mwendo mkali, na kila dakika aliyochelewa iligeuka adhabu. Aliyepoteza dakika chache zaidi kuliko wenzake ndiye aliyeshinda. Njiani angeweza kukutana na lori la pamba, kundi la ng'ombe, basi lililoharibika katikati ya daraja, au tembo. Kulala kulikuwa kwa kuiba. Mwelekezi alisoma ramani kwa tochi huku gari likirukaruka.

Mashindano yalizoeleka kufanyika wakati wa Pasaka, ambao Afrika Mashariki ni wakati wa masika. Waandaaji hawakulikwepa tope, walilitafuta. Mwaka 1963 magari 84 yaliondoka na 7 tu yakamaliza. Mwaka 1968 yaliondoka 93, na safari hii pia yakamaliza 7. Wakenya wakawapa waliomaliza sifa ya watu wasiozama. Mara zote mbili mshindi alikuwa Nick Nowicki akiwa na mwelekezi wake Paddy Cliff ndani ya Peugeot 404, gari ambalo nchi nzima ililijua kwa kubeba familia na mizigo. Bert Shankland wa Tanzania alishinda 1966 na 1967 kwa gari la aina hiyohiyo. Walioziona Peugeot zikipita Pasaka walikuwa haohao waliokuja kupanda Peugeot kama teksi za safari ndefu siku nyingine za mwaka.

Aliyeufanya umma uamini kwamba Safari ni yao alikuwa Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, mwana wa familia ya Kalasinga iliyoishi kwa kazi ya gereji. Mwaka 1965 yeye na ndugu yake Jaswant waliondoka wakiwa na namba 1 ndani ya Volvo PV544 iliyokwishatumiwa, wakawapita wote. Akashinda tena 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Watu walimwita Simba. Alijua kusikiliza injini kama fundi anavyosikiliza, na gari lilipougua porini alilitibu mwenyewe. Kwa mtoto aliyekua karibu na gereji za Nairobi, Kisumu au Mombasa, ushindi wa Joginder ulionyesha kwamba kazi ya mikono yenye grisi inaweza kumfikisha mtu kwenye jukwaa.

Madereva wa ng'ambo walikuja kila mwaka na majina makubwa, wakarudi makwao na magari yaliyovunjika. Ilipita karibu miaka 20 kabla mgeni hajashinda. Mwaka 1972, Hannu Mikkola wa Finland akiwa na Gunnar Palm ndani ya Ford Escort ndiye aliyekivunja kizingiti hicho. Mwaka uliofuata ratiba mpya ya mashindano ya dunia, WRC, ilianzishwa, na Safari ikawa mojawapo ya duru zake za kwanza. Ushindi ulirudi nyumbani kwa njia ya ajabu: Shekhar Mehta wa Datsun 240Z na Harry Källström wa Sweden, aliyekuwa ndani ya Datsun nyingine, walimaliza na adhabu sawa, na Mehta akatangazwa mshindi kwa kuwa alikwenda mbali zaidi kabla ya kupoteza pointi yake ya kwanza.

Mehta alikuwa mzaliwa wa Uganda. Mwaka 1972 Idi Amin alipowafukuza Waasia, alihamia Kenya. Alikuja kushinda Safari mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982, na kufanya ushindi wake kuwa mara tano. Maisha yake yanaonyesha jinsi Afrika Mashariki iliyoizaa Safari ilivyokuwa ikivunjika. Mashindano yaliyoitwa East African Safari tangu 1960 yalibadilishwa jina kuwa Safari Rally mwaka 1974, njia ikabaki ndani ya Kenya, na mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki yenyewe ikasambaratika. Wazo la Vincent la kukata bara sasa lilikuwa na mipaka yenye vizuizi.

Njia ya Pwani

Njia ilipofungiwa ndani ya Kenya, kushuka Pwani kulizidi kuwa na uzito. Mombasa ilikuwa mwisho wa barabara iliyojulikana na kila dereva wa lori: Nairobi, Mtito Andei, Voi, kisha nyika ya Taru, ambako vumbi jekundu huingia hata kwenye meno. Katika miaka ya 1950 sehemu kubwa ya barabara hiyo ilikuwa ya udongo. Hata ilipotiwa lami, waandaaji waliwatoa madereva barabarani na kuwapitisha milima ya Taita na vijia vya nyikani. Joto la Pwani lilikuwa adui wa pekee. Injini iliyopumua vizuri kwenye baridi ya Kinangop ilichemka huku, na rejeta iliyovuja kidogo tu ilitosha kumaliza kazi ya siku tatu.

Kisauni ya wakati huo haikuwa Kisauni ya leo. Kuvuka kutoka kisiwani hadi ng'ambo ya kaskazini kulifanyika juu ya daraja la kuelea la Nyali lililojengwa 1931, hadi daraja la saruji lilipofunguliwa 1980. Bamburi ilijulikana kwa kiwanda cha saruji kilichoanza miaka ya 1950 na kwa machimbo ya matumbawe, ambayo kuanzia 1971 René Haller aliyageuza kuwa msitu. Hoteli za ufukweni zilikuwa zikipanda moja baada ya nyingine. Baada ya daraja jipya, mji ulimwagika kuvuka maji: Mshomoroni, Mlaleo, Mtopanga, Kiembeni na Utange zikajaa nyumba, na kilichokuwa mashamba ya minazi na mikorosho kikawa mitaa yenye gereji kila baada ya hatua chache. Mabadiliko haya yaliamua, bila kukusudia, ni aina gani ya Safari ingeweza kurudi hapa baadaye.

Kufa

Miaka ya 1980 ilileta pesa nyingi. Kampuni za magari za Japani na Ulaya ziliona kwamba tangazo la ushindi wa Safari linauza magari Afrika na kwingineko. Toyota ilishinda mara nyingi, na Björn Waldegård wa Sweden, bingwa wa dunia wa 1979, akawa mgeni aliyeipatia Safari heshima kubwa: alishinda 1977, 1984, 1986 na 1990. Magari yakawekewa vyuma vya kuyakinga na ng'ombe, na bomba za kuvutia hewa zilizopanda hadi juu ya paa ili yavuke mito. Helikopta ziliruka mbele ya kila dereva mkubwa, mtu wa juu akimwambia wa chini kwa redio kwamba kuna lori kwenye kona au twiga barabarani.

Helikopta iliokoa maisha, lakini pia ilichora mstari. Upande mmoja walibaki walioweza kuikodi, upande wa pili wengine wote. Wakenya waliendelea kushindana, na Ian Duncan alishinda 1994 ndani ya Toyota. Patrick Njiru akiwa na Subaru aliwafanya Waafrika weusi wamwone mtu wao usukani. Lakini kila mwaka umbali kati ya gari la kiwanda na gari la mtu wa kawaida ulizidi. Ile kanuni ya 1953 ya kupanga kwa bei ya dukani ilikuwa imeshasahaulika kabisa.

Ulaya nako mambo yalikuwa yamebadilika. Runinga ilitaka mikondo mifupi, iliyokaribiana, inayopigwa picha kwa siku tatu na kuisha. Duru nyingine za WRC zilikuwa zimeshakuwa hivyo. Safari ilijaribu kufuata, ikapunguza njia na kuanzisha mikondo ya kasi iliyopimwa kwa sekunde, lakini hata toleo la 2002 lilikuwa na takriban kilomita 1,000 za ushindani, mara mbili au tatu ya duru nyingine. Timu zililazimika kuunda gari la pekee kwa ajili ya mbio moja tu. Nyumbani, pesa za kuandaa na za kulipia haki hazikupatikana kwa wakati. Colin McRae wa Uskoti alishinda Julai 2002, na baada ya hapo FIA, shirikisho linalosimamia mbio za magari duniani, ikaiondoa Safari kwenye ratiba ya dunia.

Jina halikuzikwa. Safari Rally iliendelea kama duru ya ubingwa wa Afrika, na Carl Tundo akaishinda mara kadhaa. Hata hivyo, kwa mtazamaji wa kawaida aliyezoea kuona majina ya dunia yakipita Pasaka, kitu kilikuwa kimekwisha.

Ufufuo wa kwanza

Mwaka 2003, miaka 50 baada ya Coronation Safari, kundi la wapenzi wa mbio lilichukua njia isiyotegemea FIA wala WRC, likaanzisha East African Safari Classic. Badala ya kuwabembeleza wenye magari mapya, waliwaalika wenye magari ya zamani: yale ya nyakati za Joginder na Mehta, yasiyoendeshwa kwa magurudumu manne. Mashindano yangechukua siku tisa hivi, maelfu ya kilomita, na yangerudi kila baada ya miaka miwili. Katika matoleo kadhaa yalivuka hadi Tanzania, Arusha na Moshi, jambo ambalo Safari ya WRC haikulifanya tangu mwanzo wa miaka ya 1970. Lile wazo la kukata bara lilipata pumzi.

Ndipo Mombasa ilipopata nafasi yake. Bandari ni mahali ambapo gari lililosafirishwa ndani ya kontena kutoka Ulaya linatua, na hoteli ya ufukweni ni mahali ambapo madereva wazee, mafundi wao na familia zao hukubali kukaa kabla na baada ya siku tisa za vumbi. Hivyo Mombasa ikawa mwanzo na mwisho wa matoleo kadhaa, na Bamburi ikawa kambi. Uwanja wa hoteli uligeuka gereji, na mafundi walifungua injini chini ya minazi.

Waldegård alirudi. Mwaka 2007 alishinda akiwa na Ford Escort, mwanawe Mathias akiwa mwelekezi. Novemba 2011, akiwa na umri wa miaka 68, alishinda tena, wakati huu ndani ya Porsche 911, Mathias akiwa kando yake kama hapo awali. Alifariki 2014. Ian Duncan, aliyeshinda Safari yenyewe 1994, alishinda Classic 2009 na 2013. Mwaka 2015 zamu ilikuwa ya Stig Blomqvist, bingwa wa dunia wa 1984 ambaye hakuwahi kuishinda Safari katika miaka yake ya ujana. Kwa watu hawa, Classic ilikuwa nafasi ya pili ya kulipa deni la zamani.

Porsche nyingi zilizotamba ziliandaliwa na karakana ya Tuthill ya Uingereza, na waliozikodi au kuzinunua walihitaji mfuko mzito. Ufufuo huu ulirudisha magari na ulirudisha umbali. Haukurudisha ushindani kati ya watu wa kawaida. Kijana wa Mlaleo mwenye Datsun ya zamani iliyokaa kwenye matofali nyuma ya nyumba hakuwa na namna ya kuingia, ingawa gari lake lilikuwa la ukoo uleule.

Pikipiki za Wembley

Mkasa wa shindano la zamani kubadilishwa hadi lisitambulike haukuikumba Afrika Mashariki peke yake. Katika mbio za pikipiki za spidiwei, pikipiki zisizo na breki na zenye gia moja huzunguka uwanja wa udongo, wapandaji wanne kwa wakati mmoja, mizunguko minne. Zamani bingwa wa dunia kwa kawaida alipatikana kwa usiku mmoja tu. Fainali ya kwanza ilifanyika Wembley mwaka 1936, na Lionel Van Praag wa Australia akaishinda. Kwa karibu miaka 60 kila mpandaji alijua kwamba kosa moja usiku ule linaufuta mwaka mzima, na ndivyo watazamaji walivyopenda. Fainali ya mwisho ya namna hiyo ilifanyika Vojens, Denmark, mwaka 1994. Kuanzia 1995 nafasi yake ilichukuliwa na mfululizo wa duru ambazo pointi zake hujumlishwa.

Mfululizo humpata bora kwa haki zaidi, kwa sababu bahati mbaya ya usiku mmoja haimwangushi mtu hodari. Hata hivyo wapo wapenzi wa spidiwei ambao hawajaacha kuutamani usiku ule wa Wembley. Wanaoutaka hawadai kwamba hesabu ya pointi ni mbovu. Wanachokosa ni woga wa kila kitu kuamuliwa mara moja. Yeyote anayefufua shindano la zamani hukutana na swali hili: je, anarudisha cheo, au anarudisha hali iliyokipa cheo hicho thamani? Viwili hivyo vinapoachana, ni vigumu kuvirudisha pamoja.

Ufufuo wa pili

Serikali ya Kenya ilichagua cheo. Baada ya miaka ya mazungumzo, mwaka 2019 ilithibitishwa kwamba Safari itarejea WRC mwaka 2020. Ugonjwa wa Covid-19 ukaahirisha kila kitu, na mashindano yakafanyika 24 hadi 27 Juni 2021. Rais Uhuru Kenyatta alipeperusha bendera Nairobi, lakini kambi na karibu njia yote vilikuwa Naivasha, kwenye mashamba makubwa na hifadhi binafsi: Kedong, Loldia, Soysambu, Elmenteita. Mikondo ilikuwa 18, yenye jumla ya takriban kilomita 320. Yote ilifungwa kwa magari mengine.

Haikuwa mbio rahisi. Vumbi laini la Kedong, ambalo humeza gurudumu kama unga, liliwatesa madereva waliozoea changarawe ya Ulaya. Thierry Neuville wa Ubelgiji aliongoza hadi Jumapili, ambapo kuvunjika kwa shokamzoba kulimtoa. Sébastien Ogier wa Ufaransa akashinda, Takamoto Katsuta wa Japani akawa wa pili. Wakenya Onkar Rai, Karan Patel na Carl Tundo walimaliza wa saba, wa nane na wa tisa, katika magari ya daraja la chini kuliko yale ya viwanda. Mwaka 2022 Toyota ilichukua nafasi nne za kwanza, Kalle Rovanperä akiongoza. Mwaka 2024 Safari ilirudishwa kwenye wikendi ya Pasaka, na mvua ya masika ikarudi kuwa mshindani.

Ufufuo huu ulileta kitu ambacho Classic haikukileta: njia ya kijana wa Kenya kupanda ngazi. McRae Kimathi, aliyepewa jina la yule Colin McRae aliyeshinda 2002, alikwenda Sweden mwaka 2022 kushindana kwenye theluji katika daraja la vijana la WRC. Lakini ngazi hiyo inajengwa na wadhamini wakubwa na mara nyingi huanzia Nairobi. Na barabara ya umma, iliyokuwa moyo wa Safari kwa nusu karne, imebaki nje ya uzio.

Barabara isiyorudi

Haiwezekani kuirudisha, na Kisauni inaonyesha ni kwa nini. Mwishoni mwa muongo wa 2000 serikali iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye pikipiki ndogo, na bodaboda zikajaa kila njia panda. Barabara ya kutoka Mombasa kwenda Mtwapa na Kilifi imekuwa ikipanuliwa kwa sababu ile ya zamani imeshindwa kubeba watu. Mahali ambapo zamani gari la mashindano lingepita usiku na kukutana na mbwa wawili, leo kuna soko, stendi, shule na maelfu ya miguu. Mtu atakayependekeza kwamba dereva apite Bamburi Mtambo kwa kasi ya kuokoa dakika hatasikilizwa, na ni haki asisikilizwe. Classic yenyewe huhesabu kasi mbali na miji, na hapa magari yake yalipita kwa mwendo wa kila mtu.

Kwa hiyo warithi wamegawana. Naivasha ilichukua jina, cheo na pointi za dunia. Classic, iliyopiga kambi Bamburi, ilichukua magari, umbali na ule uvukaji wa mipaka. Kila mmoja ana haki ya kujiita Safari, na hakuna anayeikamilisha. Barabara ya umma haikurithiwa kwa sababu hairithiki tena.

Lakini kuna kitu cha nne ambacho kingeweza kurithiwa na hakikurithiwa: kanuni ya bei. Coronation Safari ilimpima mtu na wenzake wa mfuko uleule, kwa gari lililouzwa dukani kwa yeyote. Ukoloni uliinyima maana yake kamili kwa kuwafungia wengi nje, na baadaye pesa za viwanda zikaifuta. Leo Kisauni ina magari mengi, mafundi wengi, na vijana ambao ujuzi wao wa magurudumu mawili au manne haujawahi kupimwa kwa haki mahali salama. Kanuni hiyo haihitaji helikopta, idhini ya FIA wala kontena kutoka Ulaya. Inahitaji shamba lililofungwa, daftari, saa ya kupimia, na kamati yenye ujasiri wa kuandika kwamba gari la shilingi hizi litashindana na la shilingi hizi tu. Eric Cecil alianza na kanuni hiyo, akapata Safari. Chama chochote cha Pwani kitakachoanza nayo kitakuwa kimefufua ile sehemu ya Safari ambayo Naivasha na Bamburi ziliiacha.